Kulia kwa Gia ya Nne

Gari lile lilikuwa kimya gia ya kwanza, kimya ya pili, kimya ya tatu. Likiingia ya nne, linalia. Muulize fundi yeyote anayejua kazi yake atakwambia hiyo ni kinyume kabisa, kwa sababu katika magari yale ya zamani gia ya nne ndiyo ya mapumziko. Nguvu inatoka kwenye injini inapita moja kwa moja hadi nyuma, na meno mengine yote yanazunguka bure bila mzigo. Gia boksi iliyochoka hulia gia za chini, ikifika ya nne inapoa. Hii ilinyamaza kote huko, ikaja kufungua mdomo mahali pa kunyamaza.

Fundi mwenyewe watu walimwita Sikio. Mafundi wengine hufungua gari kwanza ndipo watafute ugonjwa. Yeye alikuwa na fimbo yake ya mti mgumu, urefu wa mkono. Ncha moja anaigusisha kwenye chuma, nyingine anaibana kwenye mfupa nyuma ya sikio, anafumba macho, halafu anakwambia beringi ipi imekufa. Baada ya hapo, na hapa ndipo mambo yalipoharibika, kwa hiyo usiniharakishe, alikuwa na mazoea ya kuuiga mlio. Anavuta pumzi puani, anautoa kooni uleule, mpaka mwenye gari acheke na kusema ndio huohuo. Hakuwahi kushika spana kabla mteja hajaukubali mlio wake. Kazi yake aliifanya hivyo miaka ishirini na haikuwahi kumtupa.

Mwenye gari alikuwa mama mmoja mjane, mpole, wa kusema maneno machache. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, mwalimu wa hesabu: rangi ya maziwa, milango miwili, viti vya ngozi vilivyopasuka kwa uzee. Mjane alitaka kuliuza, lakini kila mnunuzi alilijaribu barabarani, akifika gia ya nne anageuza na kurudisha funguo. Sikio alilizungusha mtaa mzima, akarudi, akasimama mbele ya yule mama na kumwigia. Ulikuwa mlio mwembamba unaopanda taratibu, kisha unakaa palepale juu, kama mtu aliyepiga hodi na anangoja.

"Ndio huu, mama?"

Mjane hakucheka. Alirudi nyuma hatua mbili, akaukumbatia mkoba wake.

"Fundi, sikukuuliza unavyolia," alisema. "Nimekuuliza kama unaweza kuuzima."

Sikio alimchukulia mama wa watu kuwa bado ana machungu ya kufiwa. Akamwambia aende salama, arudi baada ya siku nne.

Gereji yake ilikuwa ua wa nyumba yake mwenyewe, dirisha la jikoni likitazama palepale magari yanapoinuliwa. Mkewe alikuwa nesi, mwanamke wa kuamini kipimo na dawa. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti wa miaka mitano, waliyemwita Kasuku kwa sababu lolote aliloambiwa alilirudisha vilevile, hata matusi ya madereva. Baba na binti walikuwa na mchezo wao wa mchana. Baba anatoa mlio wa gari bovu, mtoto anakisia ni mkanda, ni beringi au ni ekzosi, kisha naye anauiga ili baba akubali. Nesi alikuwa akiwatania kwamba wenzao hufundisha watoto nyimbo.

Mchana ule Sikio alitoa mlio wa gia ya nne. Kasuku hakukisia. Aliacha kijiko, akainamisha kichwa, akautoa mzima bila kukosea, na baba alipoacha yeye akaendelea kidogo peke yake.

"Baba," akauliza, "huyo anamwita nani?"

Sikio alicheka, akamwambia amalize chakula.

Kesho yake akaanza kazi kwa mpangilio wake. Alikanyaga klachi katika gia ya nne, maana ukikanyaga klachi injini inaachana na gia boksi na mlio unaoletwa na nguvu ya injini lazima ukatike. Haukukatika. Akasema basi ni diferensho, kule kwenye ekseli ya nyuma, akashuka chini na fimbo, diferensho ikawa shwari. Akamwaga mafuta ya gia akitegemea kukuta vumbi la chuma. Yalitoka safi, na baridi, ingawa gari lilikuwa limetoka kukimbia nusu saa, na yalinuka maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Akabadilisha beringi zote, hata nzima, akajaribu tena. Kwenye mteremko akazima injini kabisa, akaacha gari liteleze katika gia ya nne. Likalia. Likafika chini likasimama, magurudumu yakasimama, kila kitu kikasimama, na mlio ukaendelea kwa muda wa mtu kuhesabu hadi tano.

Lakini fundi ni fundi, akajiambia ni masikio yake yamechoka. Akaishusha gia boksi, akaiweka mezani uani, akatoa meno yote na shafti zote akazipanga juu ya gunia. Ilibaki ganda tupu, unaona ndani mpaka nyuma. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, jirani anaanika nguo. Akachukua fimbo, akagusa lile ganda, akabana sikio, na mlio ulikuwamo, ukipanda taratibu na kukaa juu ukingoja, na kabla hajaiondoa fimbo akausikia kwa sikio la pili pia, ukitoka dirisha la jikoni, mlio uleule kwa kimo kilekile, na alipoinua macho akamwona Kasuku amesimama juu ya kigoda, mikono imening'inia, macho yamekaza kwenye ganda lile, anautoa puani bila kupumua, na ukakatika kwake sawasawa na ulivyokatika kwenye chuma.

Tangu saa ile mtoto hakusema neno. Alikuwa anakula kidogo, anatembea, anatazama, lakini kila alipotoa pumzi alitoa mlio. Ukimwacha kidogo tu unamkuta ndani ya gari, amekaa kiti cha dereva, mkono juu ya gia. Gari halikuwa na gia boksi tena, lakini mkono wake ulisukuma ile gia mpaka mahali pa nne ukatulia hapo. Nesi alimpeleka hospitali wakampima kila kitu, wakasema mapafu safi, koo safi. Waliporudi, alimlaza kitandani, akatoa kipimo chake cha kusikilizia moyo, akasikiliza muda mrefu. Kisha akakivua na kumvisha mumewe masikioni.

"Baba Kasuku, usiniambie nimechanganyikiwa," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye mwenye sikio. Niambie hicho ni nini."

Sikio alisikiliza moyo wa mwanawe ukidunda, na nyuma ya moyo, mbali kidogo, akasikia.

"Gia ya nne," akasema, akakaa sakafuni.

Siku ya nne mjane alikuja kuulizia gari lake. Alipousikia mlio kutoka chumbani alisema yote. Mumewe alikuwa akiendesha gari lile huku akiuitikia ule mlio kwa mluzi, anasema unamliwaza njiani. Kwanza akaacha kuongea. Siku ya tisa tangu hapo mjane akamkuta bandani ndani ya gari, injini imezimwa, gia iko ya nne, na yeye amekwisha kufa. Sikio alimuuliza kwa nini alinyamaza. Mjane alijibu kwamba alitaka tu limtoke, na kwamba fundi alipouiga pale mbele yake alijua tayari wamechelewa. Alilia sana. Sikio alitaka kumchukia na hakuweza, kwa sababu aliyeupeleka mlio mezani kwa mwanawe alikuwa yeye mwenyewe.

Nesi, yule wa kipimo na dawa, ndiye aliyejifunga kanga na kwenda kumwita Bibi Pamba. Alikuwa bibi mshonaji, na jina alilipata kwa sababu mwaka mzima alitembea na pamba masikioni. Watu walimcheka kwa hiyo pamba mpaka yawafike ya kumhitaji. Alifika kabla jua halijashuka, akamtazama mtoto, akazunguka gari mara moja, akaagiza gia boksi irudishwe yote mahali pake.

"Hili linalolia halina nguvu ya kuingia kwa mtu," akawaambia. "Lina wito tu. Anayeitika ndiye anayelifungulia, na kuliiga ndiko kuliitika. Sasa litaita mara tatu kwa sauti za kuwaumiza. Lisipoitikiwa litaondoka. Asiitike mtu kwa mdomo, wala kwa kichwa, wala moyoni."

Nesi alipewa pamba. Sikio aliponyoosha mkono, bibi aliuzuia.

"Wewe uliitika. Lazima usikie, ukatae."

Kesho yake jioni kazi ya chuma ilikuwa imekwisha. Nesi alikaa kiti cha nyuma amempakata mtoto, Sikio akakaa mbele, gia ikawekwa ya nne, injini imezimwa. Bibi Pamba alijilaza chini, akafungua nati ya mafuta, yakaanza kudondoka. Harufu ya yale maua ikajaa garini. Mlio ukapanda, ukakaa juu, na ukawa sauti ya marehemu mama yake Sikio, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliye hai aliyelijua. Alikaza meno. Wito wa pili ukaja kwa sauti ya mkewe, na kwenye kioo alimwona mkewe amefumba midomo yake, machozi yanamtoka. Akashikilia usukani kwa mikono miwili. Kisha harufu ikazidi, mlio ukashuka kwa mara ya kwanza tangu alipoujua, ukawa laini, ukawa sauti ya mtoto aliyeamka peke yake mahali asipopajua, ikasema, "Baba," ikangoja, ikasema, "Baba, mbona huniitiki, nimekukosea nini," na Sikio akang'ata ulimi mpaka damu ikamjaa mdomoni, hakufumbua midomo, hakutikisa kichwa, hakugeuka nyuma, lakini huko ndani, mahali ambapo baba huitika kabla hajajua kuwa ameitwa, kitu kikasema, naam, mwanangu.

Kukawa kimya. Gia ikaruka yenyewe kutoka ya nne. Nyuma, Kasuku akakohoa na kuomba maji kwa sauti yake mwenyewe, na nesi akamkumbatia akilia kwa nguvu mpaka jirani akachungulia ukutani.

Bibi Pamba akatoka chini ya gari, akajipangusa, akamtoa nesi pamba masikioni. Akauliza kama kuna aliyeitika. Nesi akatikisa kichwa.

"Na wewe, Baba Kasuku? Hata moyoni?"

Sikio alimtazama mkewe, akamtazama mtoto anavyokunywa maji kwa pupa.

"Hata moyoni," akasema.

Bibi alimwangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasema basi vizuri, ila mtoto asiuige mlio ule tena maishani, maana mara ya pili hautoki. Akachukua pamba yake akaenda.

Mjane aliuza gari, na wiki ileile lilipita barabarani katika gia ya nne, kimya kabisa. Kasuku alirudia kelele zake, akawasimulia watu wote kwamba aliumwa na akapona. Sikio alifanya kazi kama kawaida, ila alikuwa akiongea kidogo, na alipolala mchana alilala kifudifudi.

Jumapili moja baada ya chakula usingizi ulimpitia mkekani, akajigeuza chali. Alizinduka akikuta binti yake amepiga magoti kando yake na ile fimbo. Aliigusisha kwenye goti la baba, akabana sikio, akatangaza kuwa goti ni zima. Akaja tumboni, akasema hapa kuna wali tu, na nesi akacheka kutoka jikoni. Kisha akaweka ncha ya fimbo katikati ya kifua, akafumba macho sawasawa kama alivyofundishwa. Akatulia. Tabasamu likamjia polepole.

"Baba," akanong'ona, "gia ya nne."

"Weka fimbo chini, mwanangu."

"Umesikia nini huko, Kasuku?" nesi akauliza kwa furaha.

Lakini mchezo ulikuwa na taratibu yake, na mtoto aliijua vizuri: ukishakisia, unauiga, ili baba akubali kwamba ndio huohuo. Alikuwa tayari ameshavuta pumzi puani. Sikio akamrukia, akamziba mdomo kwa mikono yote miwili, na chini ya viganja akahisi ile midomo midogo ikianza kutetemeka kwa mlio.