Ushuru Umepita

Protas alishona nguo za kuogelea katika kiwanda kimoja kule Jacobs, Durban. Nguo zote zilikwenda Marekani. Yeye mwenyewe aliishi Point, jirani na bahari, lakini akiingia majini huishia magotini. Wenzake walimtania: "Fundi wa kuogelea, njoo uzame!"

Siku hizi hakuna aliyetania. Rais wa Marekani alitangaza hali ya dharura. Akatumia madaraka ya dharura kupandisha ushuru wa bidhaa za nje. Nguo za Durban zikawa ghali kule. Oda zikakauka. Kiwandani mashine zikafunikwa moja moja.

Siku moja Gadiel, fundi wa pale Isipingo karibu na stendi ya teksi, akampigia. "Kaka, hapa iko mashine haina mtu. Nijibu leo, wapo wengine."

"Nenda, Baba Atupele," akasema Benedicta, mkewe. "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Kabla Protas hajamjibu Gadiel, ikaingia kwenye simu sauti iliyorekodiwa ya Arnaud, Mrundi waliyefanya naye kazi. "Eish, Protas! Seneti ya Amerika imepiga kura! Ushuru imepita! Imepita kabisa!"

Protas akaruka. Kwake, kitu kikishapita kimekwisha, kama mvua. "Yaliyopita si ndwele!" akamwambia mkewe. Akampigia Gadiel. "Mpe mwingine. Mimi nabaki kiwandani."

Jumatatu akakuta lango lina kufuli. Mlinzi hakumtazama usoni. "Wamefunga, bhuti. Nenda nyumbani."

Jioni alikuwa ameketi ngazini. Jirani yao, Mwalimu Pierre-Claver, anayefundisha wageni mambo ya uraia kanisani, akakaa kando yake. Protas akamsimulia.

"Ushuru haujapita," akasema Mwalimu. "Kilichopita ni azimio la kusema dharura iishe, na ushuru wake uondoke. Tena limepita Seneti tu."

"Si ndiyo Bunge?"

"Nusu ya Bunge. Lipo Baraza la Wawakilishi, nao lazima wakubali. Halafu linakwenda kwa Rais, atie saini."

"Rais yuleyule aliyeweka ushuru?"

"Yuleyule. Akikataa, kumshinda kunataka theluthi mbili ya kura kila upande."

"Mwalimu, yaani fisi ndiye atie saini mbuzi afunguliwe?"

Pierre-Claver akacheka kidogo, kisha akaacha. "Wabunge wanajaribu, si bure. Lakini ukisikia imepita, uliza: nini kimepita? Kimepita wapi? Kimebakiza wapi?"

Protas akampigia Gadiel.

"Kaka, Matilda ameshakaa. Ana watoto. Nimtoe vipi?"

Benedicta hakumlaumu. Aligeuka tu, akaosha sufuria iliyokuwa safi. Hilo ndilo lililomuuma Protas zaidi.

Kesho yake Irene, aliyeshonea mashine ya jirani kiwandani, akampigia Protas. Alikuwa anacheka. "Protas, umesikia? Ushuru umepita! Nimeitwa kazi ya dobi, nawakatalia sasa hivi."

"Usikatae! Nini kimepita?"

"Ushuru, wewe!"

"Hapana, dada. Azimio. Limepita mlango mmoja, bado Wawakilishi, bado Rais." Akamweleza pole pole, kama alivyoelezwa.

Irene akaacha kucheka. "Ulijuaje?"

"Niliuliza nimechelewa."

Irene akaenda kwa dobi. Mchana akatuma picha, amevaa aproni ya bluu, meno yote nje. Protas aliitazama sana. Alifurahi kweli. Akampa Benedicta simu. Benedicta akaitazama naye, akamshika mkono. Wakakaa hivyo, maharage yakiungua jikoni.