Wiki Sita za Kitufe na Pamba

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kiherehere aliwahudumia sungura wake wawili. Hilo halikuwa jina lake halisi. Mjomba wake ndiye aliyempachika, kwa sababu msichana huyo hakuweza kuona jambo linasubiri bila kuliingilia. Hata chai aliinywa ya moto, ikamuunguza ulimi, na kesho yake akarudia vilevile.

Alifagia banda, akaweka nyasi kavu, akajaza maji. Dume aliitwa Kitufe kwa ajili ya doa jeusi la duara puani. Jike, mweupe tupu, aliitwa Pamba. Majina hayo yalitoka mezani kwa mama yake, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni.

Banda lilikuwa kazi ya mjomba, ambaye ni seremala. Lilisimama uani kwa miguu mirefu, na lilikuwa refu kiasi cha sungura kuruka mara nne bila kugonga ukuta. Sakafu ilikuwa ya mbao, si ya waya, maana waya huwaumiza nyayo. Pembeni kulikuwa na kisanduku cha kujificha.

"Hata mimi mwenyewe sijajijengea nyumba nzuri hivi," mjomba alinung'unika huku akipiga misumari.

Mama alikuwa amekubali sungura kwa sharti moja tu. "Wawili wanatosha. Siku watakapoanza kuzaana, wote wanaondoka. Sungura hawa huzaa kila mwezi, sisi tutalala wapi?"

Kwa hiyo Kitufe alipotimiza miezi minne, walimpeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke mrefu asiyependa kurudia maneno. Daktari alimhasi, yaani alimfanyia upasuaji mdogo ili asiweze kuzalisha. Alipomaliza, alimgeukia Kiherehere.

"Sikiliza vizuri, binti. Kidonda kitapona upesi, lakini mbegu hubaki mwilini kwa muda. Mtenge na jike kwa wiki sita. Huyu jike bado mtoto, akishika mimba sasa anaweza kufa wakati wa kuzaa. Mwezi ujao naye mlete tumtoe kizazi."

"Nimeelewa, daktari."

Mjomba akaligawa banda kwa wavu, na katikati akatia kilango chenye komeo, ili sungura wale wanusane bila kufikiana.

Wiki mbili zilipita salama. Wiki ya tatu Pamba alianza kujikunyata karibu na wavu. Majani ya karoti aliyagusa tu kwa pua, kisha akayaacha. Upande wa pili Kitufe naye alilala, tumbo likigusa wavu. Kiherehere aliwatazama, moyo ukamuuma. Kidonda kilikuwa kimefunga na manyoya yameanza kuota. Sasa hawa maskini walitengwa kwa kosa gani?

Jumamosi mama alipotoka kupeleka gauni la mteja, Kiherehere alifungua komeo.

"Dakika tano tu, msalimiane," aliwaambia, kisha akaenda kuosha bakuli la maji.

Aliporudi, Kitufe alikuwa amempanda Pamba mgongoni. Bakuli lilimponyoka. Alimvuta Kitufe upande wake, akafunga komeo.

Siku hiyo hakusema. Jumapili pia hakusema. Akisema, sungura wataondoka. Asiposema, labda hakuna litakalotokea. Lakini kila alipomshika Pamba alisikia kamoyo kake kakidunda kiganjani, na maneno ya daktari yakamrudia: anaweza kufa. Jumatatu alirudi kutoka shule na mkoba mgongoni, akaenda moja kwa moja hadi kwenye cherehani.

"Mama, nimekosa."

Cherehani ikanyamaza. Kiherehere alieleza yote huku machozi yakimtoka, na mwisho akasema, "Wachukue ukitaka, mama. Ila Pamba asife."

Mama aliinuka kitini. Kisha akachomoa pini zilizokuwa kwenye mkono wa blauzi yake, akazichomeka kwenye kitakia chake cha pini. "Lete kikapu. Kliniki hawajafunga."

Daktari alimpima Pamba uzito, akamsikiliza kifua, akambonyeza tumbo taratibu.

"Kama mimba imeingia, ni changa mno, siwezi kuigusa kwa mkono," alisema. "Lakini uzito wake unatosha, na ni mzima. Hatungoji mwezi ujao. Tutamtoa kizazi kesho asubuhi. Mngekuja baada ya wiki tatu nne, hapo ningekuwa na mashaka." Akamwinamia Kiherehere. "Nilikuambia wiki ngapi?"

"Sita, daktari."

"Haya. Umesema ukweli, umenipa nafasi ya kufanya kazi yangu."

Kesho yake jioni Pamba alirudi nyumbani na mshono mdogo tumboni, macho mazito. Daktari alikuwa ameonya kwamba sungura asipokula baada ya upasuaji huwa hatarini, kwa hiyo walimlaza sebuleni kwenye kikapu, wakamngoja. Mjomba aliyekuja kumjulia hali alichungulia ndani.

"Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ajabu! Kiherehere hakuficha, na mgonjwa wake ndiye hatazaa."

Kiherehere alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, kisha akalia tena. "Mama, wataondoka?"

Mama alikaa sakafuni kando yake. "Hawaendi popote. Lile sharti nililiweka kwa ukali, ndiyo maana ukaogopa kuniambia. Hapo na mimi nilikosea. Lakini nisikilize, mwanangu. Uliwahurumia, na huruma ni njema, ila hukuheshimu neno la mtu anayejua kuliko wewe. Ukimpenda mnyama, utamvumilia hata anapokusikitisha. Na ukikosea, uje uniambie siku hiyohiyo, hata kama unajua nitakasirika. Hasira yangu itapita. Kosa ulilolificha halipiti, linakua."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Mpe jani."

Kiherehere alilisogeza jani la karoti mpaka likagusa pua nyeupe. Pamba hakushtuka. Alinusa, akatulia, akanusa tena, kisha akaanza kutafuna.