Kwenye Kitabu Aliua Daktari

"Tangu lini?" Mkunga aliuliza, na hiyo ilikuwa mara ya tatu. "Nakuuliza wewe, tangu lini?"

"Punguza sauti. Mama atasikia."

"Asikie! Wewe ulipokuwa unamnong'oneza hukuogopa kusikika, mimi niogope nini?"

Walikuwa jikoni, mlango umefungwa, maji ya chai yanachemka bila mtu wa kuyajali. Fundi alikuwa ameegemea sinki, shati lake jeupe la Jumapili limemganda mgongoni kwa jasho. Upande wa pili wa ukuta televisheni ilikuwa inapiga muziki wa kumalizia kipindi, na Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani, kimya kama mwanafunzi aliyekosea mbele ya darasa zima.

"Miezi saba," Fundi akasema.

"Miezi saba!" Mkunga akashika kiuno. "Miezi saba unakula kwangu, unacheka na mimi, unaniita laazizi, na mama yangu anapotea mbele ya macho yako!"

"Aliniapisha."

"Na wewe ni nani wa kuapishwa? Mimi ndiye mtoto wake. Mimi ndiye ninayefanya kazi hospitali!"

Fundi alizima jiko, kwa sababu maji yalikuwa yamekaribia kuisha.

Wapenzi wengine hugombana kwa sababu ya mwanamke wa pembeni au simu iliyofichwa chini ya mto. Hawa wawili waligombana kwa sababu ya muuaji wa kwenye televisheni.

Walikutana mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Jumatatu asubuhi, kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje, siku ambayo hata pa kuweka unyayo hapakuwepo. Fundi alikuwa juu ya ngazi akifunga televisheni ukutani. Bisibisi ikamponyoka, ikatua katikati ya trei ya chuma aliyobeba Mkunga, ikalia ngaa! na watoto wote ukumbini wakanyamaza.

"Wewe wa juu! Unataka kunipasua kichwa?"

"Samahani, sista. Ilikuwa inakuja kukusalimia."

"Imeshasalimia. Shuka uchukue salamu zako."

Akashuka. Mrefu, mwembamba, vumbi la ukuta limemjaa kwenye kope, na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kugombezwa akakasirika. Mkunga alikuwa na sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Alimpa bisibisi, kisha akasema kwamba kama kweli yeye ni fundi, aje nyumbani aangalie televisheni yao, maana watu wote wameanza kuonekana kijani.

"Mnaangalia nini kwenye hiyo ya kijani?"

"Mpelelezi. Jumapili saa kumi alasiri. Ukija muda huo, usitegemee mtu wa kuzungumza nawe."

Alikuja muda huo huo.

Kipindi chenyewe kilitengenezwa kutokana na riwaya za zamani za upelelezi. Mpelelezi alikuwa mjane mnene wa makamo, mwenye mkoba mkubwa, aliyekuwa na tabia ya kumenya chungwa polepole huku watu wakimdanganya. Kila wiki kulikuwa na nyumba kubwa, mvua, maiti, na jamaa saba waliovaa vizuri kupita kiasi, kila mmoja na sababu yake ya kuua. Mkunga alikipenda kupita kiasi. Alipenda magari yale marefu, kofia, vyombo vya chai vinavyogongana mkononi mwa mwenye hatia. Zaidi ya yote alipenda ile dakika ya mwisho, mpelelezi anapowakusanya wote sebuleni na kufuta vidole vyake vyenye maji ya chungwa.

Mama alikuwa mkutubi kwa miaka thelathini, na riwaya zile alizisoma zote, nyingine mara tatu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na utaratibu wake. Mama alijitanda mtandio mzuri na kuvaa hereni kana kwamba amealikwa. Mkunga na Fundi walibishana kipindi chote ("Ni mpishi!" "Mpishi gani, huoni anavyotetemeka? Muuaji hatetemeki!"). Tangazo la mwisho likiingia, Mama aliinua kidole na kumtaja muuaji, na sababu yake, na kosa lililomponza. Hakuwahi kukosea.

"Mama, wewe unatuibia," Mkunga alikuwa akilalamika. "Umesoma!"

"Na nyinyi nani aliwakataza kusoma?"

Halafu ukafika wakati Mama akaanza kumtuma Mkunga chai kila tangazo la mwisho lilipoingia. Mkunga alidhani ni kiu tu.

Jumapili ya ugomvi, Mkunga alirudi na vikombe, akakuta Mama ameshainua kidole. "Daktari," Mama akatangaza. "Alibadilisha chupa ya dawa." Vizuri. Wakanywa chai. Mjane akamaliza chungwa lake, akafuta vidole, akamgeukia dada wa marehemu. Dada ndiye aliyeua. Daktari wa watu hakuhusika hata kidogo. Watengenezaji wa kipindi walikuwa wamebadilisha mwisho wa riwaya, kama watu wa televisheni wanavyopenda kufanya.

Miaka ya nyuma Mama angesimama na kuifokea televisheni. Angesema wamekiharibu kitabu, angetaja ukurasa. Safari hii alimgeukia Fundi.

"Mbona umenidanganya, mwanangu? Si uliniambia ni daktari?"

Hapo ndipo Mkunga alipoelewa chai zile zilikuwa za nini. Akasimama, akaenda jikoni, na Fundi akamfuata.

"Nenda," Mkunga alimwambia sasa, akiwa ameshika kitasa cha mlango. "Na usirudi."

Fundi alipita sebuleni akamwinamia Mama, akamwambia kwenye kitabu aliua daktari, kabisa, wao ndio waliokosea. Kisha akatoka.

Wiki iliyofuata alipiga simu.

"Sista..."

"Usiniite sista."

"Basi nikuiteje?"

"Usiniite."

Akakata. Fundi akapiga tena wiki ya pili, na ya tatu. Wiki ya nne hakupiga, na Mkunga akakaa na simu mkononi mpaka alipojiona mjinga, akaenda kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumapili moja alijaribu kuangalia kipindi yeye na Mama peke yao. Mama alijitanda mtandio wake, hereni akavaa sikio moja. Maiti ilipoonekana chini ya ngazi, akamshika Mkunga mkono kwa nguvu.

"Yule mtu wamemuua?"

"Ni mchezo, Mama."

"Na damu ile? Ita polisi, mwanangu. Usikae tu."

Mkunga alizima televisheni. Walibaki wawili mbele ya kioo cheusi, Mama akiwa bado amemshika mkono. Baada ya muda Mama akauliza yule kijana amekwenda wapi, maana yeye huwa anaelewa mambo haya.

Daktari bingwa aliwaona Alhamisi ya wiki ya sita. Alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alimpa Mama karatasi achore saa, na Mama, aliyepanga vitabu elfu ishirini kwa namba, akarundika namba zote upande mmoja. Mkunga aliangalia dirishani.

Daktari akamtoa nje kwa mazungumzo. Kuna dawa, akasema, za kupunguza kidogo mwendo wa ugonjwa huu wa kusahau. Kuurudisha nyuma, hapana. Akafungua faili.

"Dalili zilianza kuonekana lini?"

"Kuna mtu alikuwa anazificha," Mkunga akasema haraka. "Miezi saba."

"Nakuuliza wewe. Wewe unayeishi naye. Uliona kitu cha kwanza lini?"

Mkunga alikumbuka bomba la bafuni ambalo Mama aliliacha wazi, maji yakafika sebuleni. Alikumbuka kisa kile kile cha msomaji aliyerudisha kitabu baada ya miaka kumi, Mama alikisimulia mara tatu kwa chakula kimoja. Alikumbuka siku Mama alipomwita kwa jina la mama mdogo, na yeye Mkunga akageuka na kuitika bila kumsahihisha, halafu akaenda kazini akacheka na wenzake: uzee jamani, uzee. Hiyo ilikuwa kabla ya Fundi kuambiwa lolote. Mwaka mzima uliopita. Na yeye alikuwa anawacheka polisi wa kwenye kipindi kwa kupita juu ya ushahidi na viatu vyao vikubwa!

"Mwaka," akasema. "Niliona mwaka jana. Sikutaka kuona."

Daktari aliandika bila kumlaumu, na hilo likamuuma zaidi.

Alimrudisha Mama nyumbani, akamwachia jirani, akaenda moja kwa moja dukani kwa Fundi. Lilikuwa duka la mlango mmoja, televisheni zilizopasuliwa matumbo zimepangwa mpaka darini. Fundi alikuwa ameinamia sahani ya nyaya, amekonda. Pembeni ya kikombe chake kulikuwa na riwaya iliyofunikwa kwa gazeti.

"Hiyo ya nini?" Mkunga akauliza mlangoni. "Si hakuna tena wa kumnong'oneza."

Fundi alishtuka, akasimama, akagonga kichwa kwenye rafu. "Nilitaka kumaliza. Sijawahi kumaliza kitabu maishani mwangu mpaka nilipomjua mama yako. Sasa nimeshindwa kuacha."

Mkunga hakucheka, ingawa alitaka.

"Siku alipokuapisha, alikuambia nini hasa?"

Fundi akaweka chini koleo. "Ulikuwa umekwenda kuleta chai. Akanishika mkono. Akaniambia: 'Nimeangalia tangu mwanzo na simjui muuaji. Kitabu hiki nimekisoma mara tatu na simjui.' Alikuwa analia, lakini anaangalia mlango usije ukaingia. Akasema: 'Mwanangu anahudumia wagonjwa kutwa nzima. Akirudi nyumbani nataka akute mama.' Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ndiyo," Fundi akasema. "Ningekuambia. Nilikuwa najiambia Jumapili ijayo. Kila Jumapili nilikuwa naona unavyocheka naye akipatia, nasema basi, ijayo."

Mkunga aliketi juu ya televisheni iliyolala kifudifudi, bila kuuliza kama itabeba. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Mimi nilijua kabla yako," akasema. "Nikakufukuza wewe kwa sababu siwezi kujifukuza mwenyewe. Haya, nimeshasema, usinifanye nirudie."

"Sitakufanya urudie."

"Ulikuwa na nia gani na mimi?"

"Nia gani? Unaijua."

"Siijui. Hujawahi kuisema kwa Mama."

"Nilitaka kwanza nipange mambo yangu. Nitafute nyumba yenye..."

"Hakuna kupanga. Leo asubuhi amenijua, amemjua jirani, ameuliza habari zako. Kesho sina hakika. Kama una neno la kumwambia, mwambie wakati bado anaweza kukujibu. Funga duka."

Fundi alitazama sahani ya nyaya. Akavua aproni, akavuta mlango wa chuma mpaka chini.

Mama alikuwa sebuleni, ameketi kwenye jua la dirishani, nywele zimesukwa upya na jirani. Alipomwona Fundi akanyoosha mikono yote miwili.

"Umetutupa, mwanangu!"

"Sikuwatupa, Mama. Binti yako alifunga mlango."

"Anafunga milango huyo tangu ana miaka mitatu. Kaa."

Hakukaa. Alipiga magoti kwenye zulia, mtu mrefu namna ile, magoti yakalia. "Mama, nimekuja kumwomba. Nataka kumwoa."

Mama alimtazama kwa macho makali ya zamani, yale ya kumtazama msomaji aliyechelewesha kitabu. "Hasira zake unazijua?"

"Zimenikaa wiki sita."

"Na bado umerudi." Mama akacheka, cheko lake lenyewe, na Mkunga aliyesimama karibu na pazia akahisi kifua kinamfunguka. "Mimi sina neno. Lakini siwezi kutoa jibu peke yangu. Mngojeni baba yake atoke kazini, naye aulizwe. Hakawii kufika."

Akageuka kuangalia mlango.

Baba yake Mkunga alikuwa na miaka tisa kaburini. Mama mwenyewe ndiye aliyemfumba macho.

Fundi aliinamisha kichwa, akaangalia mikono yake. Alikuwa na jibu, ilionekana wazi kwamba analo, lakini safari hii hakuthubutu. Mama aliendelea kungoja, shingo ameinyoosha, akisikiliza hatua za nje. Mkunga alijua kusema ukweli mgumu. Aliusema wodini kila wiki, kwa sauti tulivu, ameketi kitandani mwa mtu. Akiusema sasa, Mama atafiwa na mumewe alasiri hii, upya kabisa, na kesho pengine tena.

Akavuta kiti, akaketi magoti yao yakigusana.

"Nimempigia simu kazini, Mama," akasema. "Nimeshamuuliza."

"Umemuuliza?" Mama akageuka. "Amesemaje?"

Ilibidi Mkunga amtafute baba yake kichwani, sauti yake, ile namna yake ya kukwepa kila shauri la nyumbani.

"Amesema, kama mama yako ameridhika, mimi msinisubiri."

Mama akatikisa kichwa, uso umejaa mapenzi na kuchoka.

"Ndiye huyo huyo. Kila kitu ananiachia mimi." Akauchukua mkono wa Fundi, akauchukua na wa binti yake, akaiweka yote miwili mapajani pake na kuifunika kwa yake. "Haya basi. Nimeridhika. Msimsubiri."