Swali la Mama Mkwe

Mama Pasi hupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Husimama tangu asubuhi mpaka jua lipungue. Akifika nyumbani miguu imevimba, hata kusalimia anaona kazi.

Mumewe ni mwashi. Naye hurudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe, mama yake mwashi, akishatenga chakula, wao hufumba macho, huomba kwa pumzi moja, kisha hula kimya.

Mama mkwe alihamia kwao alipofiwa na mumewe. Hakuwa Mkristo. Jioni moja aliuliza:

"Sala yenu mbona inakimbia hivyo? Kama mtu anayewahi choo!"

Mwashi alicheka. Mkewe hakuwa na nguvu za kucheka.

"Na huyo mnayemwomba ni nani hasa?"

"Mama, hayo ni ya mchungaji," alisema Mama Pasi. "Jumapili nenda kwenye darasa la wanaoanza."

Alikwenda. Akakalishwa benchi moja na watoto. Akapewa karatasi asome, naye hajui kusoma. Watoto wakacheka. Aliporudi, alifunga nguo zake furushi.

"Mwanangu, mimi nitakwenda kwa dada yangu. Hapa kila jioni mnaongea na mtu, nami nakaa kando kama mpita njia."

 Mama Pasi alimpenda mama huyu. Ndiye aliyekuwa akimkanda miguu bila kuombwa. Alitoka akaenda kwa jirani yake mkunga, ambaye pia ni mzee wa kanisa.

"Mchungaji ni mmoja, mitaa ni mingi," alilalamika. "Atakuja lini kumfundisha mama?"

"Mzazi mpya hufundishwa na nani kumbeba mtoto?" mkunga aliuliza. "Humngoja daktari?"

"Aa, mama yake. Au jirani."

"Basi. Kufundisha imani si kazi ya mchungaji peke yake. Kila Mkristo ana wajibu huo."

"Dada, mimi nimeishia darasa la saba. Nitafundisha nini?"

"Nani amekuomba cheti? Mweleze unachokijua, na kwa nini unakiamini. Usichokijua, sema sijui, kisha tutauliza. Usimlazimishe. Na umsikilize zaidi kuliko unavyosema."

"Nimechoka, mwenzangu."

"Najua. Basi fundisha umekaa."

Alirudi. Mama mkwe alikuwa akichambua maharage, furushi liko ubavuni. Mama Pasi aliketi sakafuni akaanza kumsaidia.

"Mama, uliniuliza tunamwomba nani, nikakusukumia kwa wengine. Nisamehe."

Mama mkwe alitupa kijiwe pembeni. 

"Huyo Yesu wenu anajua kuchoka? Au alikaa juu tu akitazama wenzake?"

"Alichoka, mama. Alitembea mpaka akaketi kisimani, jua la mchana. Akamwomba maji mwanamke asiyemjua."

"Mkubwa kama huyo aombe maji?"

"Ndiyo. Ndiyo maana hata habari za miguu yangu namwambia. Naamini ananielewa."

"Akapewa?"

Mama Pasi alifikiri. "Sijui, mama. Sikumbuki. Nitauliza."

"Usijisumbue. Mwanamke gani amnyime maji mtu aliyechoka hivyo?"

Wakacheka wote wawili, mpaka mwashi akachungulia kuona kuna nini.

Tangu hapo walizungumza kidogo kidogo kila jioni. Mwashi naye alitia la kwake. Siku nyingine Mama Pasi alisinzia katikati ya maneno, na mama mkwe akamtikisa: "We, usiniache njiani!" Nguo zilitoka kwenye furushi, zikarudi kwenye kamba ya chumbani. Habari za kwa dada hazikutajwa tena.

Jioni moja Mama Pasi alirudi akiwa hoi kuliko siku zote. Nje ya mlango alimkuta mama mkwe na muuza mkaa, ambaye alikuwa ametua gunia lake apumzike.

"...basi akaketi kisimani, hana hata nguvu," mama mkwe alikuwa akisema.

"Na yule mwanamke," aliuliza muuza mkaa, "mbona alikwenda kuteka peke yake, jua lile? Wenzake walikuwa wapi?"

"Hapo mimi bado sijafika. Mkwe wangu huyo anakuja, tumuulize."

Mama Pasi alikuwa akitamani kitanda tu. Alimtazama muuza mkaa, uso umejaa masizi, macho yanangoja.

"Sogeeni kidogo," alisema, "nami nikae."