Mikono Kichwani

"Kware, unamwona?" kituo kiliuliza redioni.

"Namwona. Anateremka mlima Sekenke kama anafukuzwa na nyuki."

Winfrida Mughwai, Kware kwa jina la kazi, alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikaikata kona, tairi zikalia. Mbele yake Fuso la vitunguu lilikuwa likikimbilia Shelui, na chini ya magunia kulikuwa na baruti iliyoibwa mgodini, ya kutosha kuangusha daraja. Wageni walioitaka walishakamatwa Singida asubuhi ile. Alibaki mkalimani wao tu, ndiye aliyeshika usukani.

Kwenye faili aliitwa Mfasiri.

Winfrida alimjua kwa jina la Damiani.

Chuo kikuu walisoma pamoja lugha na tamaduni za dunia. Winfrida, Mnyaturu wa Mwankoko, alihenyeka. Damiani alimeza Kireno, Kichina na Kiarabu kama mtu anayekunywa togwa. Idara ya usalama ikawataka wote wawili. Winfrida alikubali. Damiani akaenda ng'ambo kuongeza masomo, akarudi na mabosi wengine. Kumpenda, Winfrida alimpenda, ila hakuwahi kumwambia, na sasa lilikuwa jambo la kumuuma tu.

Fuso likafunga breki stendi ya malori ya Shelui, katikati ya matangi mawili ya petroli. Mama lishe waliendelea kugeuza chapati zao, hawana habari.

Damiani akashuka. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe cha rimoti.

Winfrida akachomoa bastola yake ya Glock. "Damiani! Mikono kichwani!"

Damiani akacheka kwa uchovu. "Winfrida, wewe unanijua. Hilo siwezi."

Alimjua kweli. Siku moja darasani mhadhiri aliwaambia waweke mikono kichwani, kisha waeleze ishara ile ina maana gani kwa watu wa nchi mbalimbali. Wengine walisema ni kupumzika, wengine kusalimu amri. Damiani aliikalia mikono yake. "Kwetu Kinampanda anayeshika kichwa ana maiti ndani," alisema. "Mama yangu yu hai." Darasa zima likaangua kicheko. Yeye wala hakujali.

"Kware." Ilikuwa sauti ya Elisha, mlenga shabaha, juu ya paa la nyumba ya wageni. "Nimemweka kwenye darubini. Nipige?"

"Usipige! Akianguka anaweza kubonyeza rimoti. Nipe dakika."

Kituo kikaingilia. "Hatuna dakika. Elisha, akisogea, mmalize."

Winfrida akarudisha bastola kiunoni. Akaanza kumwendea, polepole.

"Rudi, Winfrida. Tutakufa wote."

"Mwezi wa sita ulikuwa wapi?"

"Mbali. Simu zangu zote nilizitupa. Kwani nini?"

Habari ile alikuwa nayo tangu wakati huo. Alitaka kumpelekea kama msiba unavyopelekwa: umkalishe mtu, uwe na mwenzako wa kumshika, maji yawe karibu. Mfiwa haambiwi akiwa amesimama barabarani kwenye vumbi la malori. Lakini Winfrida hakuwa na kingine mkononi. Akamwambia kwa Kinyiramba, kile kile Damiani alichomfundisha kwenye ngazi za maktaba, maana kwa lugha nyingine asingesadiki.

"Mama yako Rahabu ametutoka. Presha ilimpanda. Tumemzika nyuma ya nyumba. Walikungoja wewe kifungua mimba utupe udongo wa kwanza, hukuja. Mjomba wako akautupa badala yako."

"Muongo wewe."

"Nilikuwepo, Damiani. Alikuita mpaka mwisho."

Lugha zote zile zikamkimbia. Mikono ikapanda yenyewe mpaka kichwani.

Rimoti ikaponyoka.

"Usipige, Elisha!" Winfrida akaruka, akaidaka.

"Mamaaa!" Stendi nzima ikageuka. Askari wakatokea nyuma ya matangi na pingu, wakahangaika kweli kuibandua mikono yake kichwani.

"Kituo, mzigo tunao. Mfasiri yu hai. Naomba apitishwe Kinampanda, atupe udongo kaburini."

"Ombi limekataliwa. Anakuja Dar moja kwa moja. Kazi nzuri, Kware."

"Nimekupata."

Akamkabidhi askari rimoti, akavaa miwani yake ya Ray-Ban. Akatembea kuelekea kwenye gari bila haraka, bila kugeuka, kama walivyofundishwa.

"We binti!" Mama lishe mmoja alimkemea, mwiko mkononi. "Shusha mikono hiyo! Unamlilia nani, unataka kuwatia wazazi wako mikosi?"

Ndipo alipojua mikono yake ilikuwa wapi.

"Shikamoo, mama. Nina msiba."

"Jamani! Pole, mwanangu. Msiba wa nani?"

Winfrida akafungua mlango wa gari.

"Mama mkwe," akasema, akawasha injini.