Breki za Kwenda Talas

Jumatano asubuhi Burulai alikuwa jikoni akikaanga boorsok, vile vimaandazi vidogo ambavyo sisi Wakirgizi hatusafiri bila kuvibeba. Sinia la kwanza lilijaa, la pili likajaa, naye bado anakata unga. Mikono ilihangaika kwa sababu moyo ulikuwa unahangaika.

Jumamosi familia ilikuwa iende Talas. Binti yao mkubwa, Nurzada, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza huko ukweni. Kwa desturi yetu, mama wa binti ndiye anayepeleka beshik, kitanda cha mbao cha kumbembeleza mtoto. Kitanda kilikuwa tayari ukumbini, kimefunikwa shali nyekundu. Lakini kitanda hakijiendei chenyewe. Kilihitaji gari, na gari ndilo lililomnyima Burulai usingizi.

Mwezi uliopita walitoka Talas kurudi Bishkek. Kubat, mumewe, aliteremka mlima wa Too-Ashuu akiwa ametoa gia. "Tunaokoa mafuta," alisema. Gari likashuka kwa uzito wake, naye akakanyaga breki kona baada ya kona, mpaka harufu ya kuungua ikajaa ndani. Chini ya mlima alifanya kama wanavyofanya madereva wengi wa huku. Alichota maji ya mtoni, baridi kama barafu, akayamwaga kwenye magurudumu ya moto. Mvuke ukapanda, Kubat akajiona fundi. Tangu siku hiyo, akikanyaga breki usukani unatetemeka, na gurudumu la mbele kulia linakwaruza, chuma juu ya chuma.

Kubat aliingia jikoni, akaiba kimaandazi cha moto.

"Nimepata pedi za breki sokoni," alisema, akiinua mfuko wa plastiki. "Kesho nazifunga gurudumu la kulia, ndilo linalolia."

"Na usukani unaotetemeka?"

"Utatulia wenyewe. Mama Nurzada, naendesha gari mwaka wa ishirini na tano huu. Nimewahi kukuua?"

"Siku ukiniua, nitakujibu kwa mdomo gani?"

Bibi Kanym, mama yake Kubat, alicheka mpaka chai ikampalia. Burulai hakucheka.

"Beshik haipandi gari hilo," alisema. "Na Meerim hapandi." Meerim ndiye kitinda mimba wao, wa miaka saba.

"Basi ibebeni mgongoni mpaka Talas!" Kubat alifoka.

Burulai alifuta mikono, akavuka uzio hadi kwa jirani. Jirani huyo, Sonun, alikuwa fundi wa breki miaka ishirini kwenye karakana ya mabasi ya mji. Sasa amestaafu, anafuga kuku. Kubat anamheshimu kwa sababu ni mkubwa kwake. Tena anamwogopa, ingawa hatakubali ukimwuliza.

Sonun alikuja na jeki yake mkononi.

"Kubat, mdogo wangu, fungua gurudumu."

"Usijisumbue, dada. Ni kitu kidogo tu."

"Kitu kidogo ndicho kinachosimamisha gari. Fungua."

Gurudumu likatoka. Nyuma yake ilionekana diski, sahani nene ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Pedi mbili huibana huku na huku, na hapo gari husimama.

"Tazama pedi hii," alisema Sonun. "Imekwisha kabisa, kimebaki kibati. Pedi ikifika milimita tatu, unabadilisha. Husubiri ilie. Sasa pitisha kidole kwenye diski."

Kubat alipitisha. Diski ilikuwa na mifereji. Sehemu nyingine ilikuwa ya bluu, na karibu na ukingo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Ukingoni kumeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa," Sonun aliendelea. "Soma."

"Ishirini na mbili."

Sonun alibana diski kwa kipimo chake. "Ishirini na nusu. Hii ilipaswa kutupwa zamani. Na imepinda, ndiyo maana usukani unatetemeka. Burulai, sufuria tupu ikishika moto sana, ukaimwagia maji baridi, inakuwaje?"

"Inapinda," alisema Burulai, akimtazama mumewe.

Kubat alijikuna kisogo. "Mbona madereva wote wanamwaga maji?"

"Na wote wanakuja kulia kwangu. Breki zikipata moto, simama, ziache zipoe kwa upepo. Pedi mpya kwenye diski mbovu ni kazi bure. Italiwa mara moja."

"Sawa. Nibadilishe diski ya kulia."

"Na ya kushoto, na pedi zake. Breki hubadilishwa jozi. Upande mmoja ukishika kuliko mwingine, gari linavutwa kando. Na kando, kule mlimani, ni bonde."

Burulai aliposikia neno bonde, aligeuza ndoo tupu. Akaikalia.

Sonun alifungua ule mfuko. Pedi hazikuwa na boksi, jina wala namba. Akaziweka juu ya pedi ya zamani. Masikio yake, zile ncha za pembeni za kuishikilia pedi, yalizidi.

"Aliyeniuzia alisema ni za gari kama langu," Kubat alisema polepole.

"Kama lako! Magari yenu haya yana jina moja, lakini lililotoka Japani lina diski yake, na lililotoka Ujerumani lina yake. Namba ya chesesi ndiyo inayosema kweli."

Kubat alizirudisha pedi mfukoni. Uso ulikuwa umemshuka.

Alhamisi walikwenda sokoni watatu, Burulai akiwamo. Sonun alibeba diski ya zamani na pedi yake, Kubat karatasi ya gari yenye namba ya chesesi. Muuzaji mmoja aliwaonyesha diski zilizotumika. "Mama, hiki ni chuma cha Ulaya, hakifi!" Sonun akazipima. Zilikuwa zimebakiza chini ya milimita moja kufika unene wa mwisho. "Hakifi, lakini kinaua," alimjibu, wakaenda zao. Duka la nne lilikuwa na diski mpya, za upana uleule na matundu yaleyale, pamoja na pedi zenye namba kwenye boksi lililofungwa.

Ijumaa walizifunga. Sonun alifuta mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya mpaka kitambaa kikatoka safi. Kisha akamwamuru Kubat akanyage breki mara kadhaa kabla ya kuondoa gari, mpaka pedali ikawa ngumu. Kwenye barabara tupu nje ya mji, Kubat alipunguza mwendo taratibu, sitini hadi ishirini, mara kumi, bila kusimama kabisa. Hivyo ndivyo pedi na diski huzoeana. Usukani ulitulia.

"Na mlimani?" Sonun aliuliza.

"Gia ndogo," Kubat alisema, kama mtoto wa shule. "Sitoi gia."

Jumamosi walivuka Too-Ashuu, kisha wakapanda mlima wa pili, wa Otmok. Walipoanza kuteremka, Burulai alimshika Meerim mkono mpaka mtoto akalalamika. Bibi Kanym alikuwa akiomba kimoyomoyo. Kubat aliweka gia ya pili, injini ikanguruma, gari likashuka polepole. Kona ya kwanza. Ya pili. Katika kona ya tatu, farasi walikuwa wamejaa barabara nzima, wanapelekwa malishoni.

Kubat alikanyaga. Gari halikwenda kulia wala kushoto. Lilipungua mwendo, likapungua, likasimama. Jike mmoja mwenye mtoto alikuwa hatua mbili mbele ya boneti, akiwatazama.

Burulai alilia waziwazi, wala hakujificha. Kubat alikuwa bado amebana pedali ijapokuwa gari limesimama.

"Kwa zile za zamani," alisema, "tusingesimama. Nisamehe, Mama Nurzada."

"Ngoja kwanza wapite," alisema Burulai.

Walifika Talas wamechelewa. Nurzada alitoka mbio na mtoto kifuani, na Burulai akawakumbatia wote wawili kwa muda mrefu sana. Mkwe wao, mume wa Nurzada, alikuja kumkaribisha Kubat mezani, akamkuta amechuchumaa kando ya gari jekundu la mkwe huyo, anachungulia nyuma ya gurudumu.

"Baba, nyama inapoa. Njoo ule."

"Mjukuu wangu anapanda gari hili?"

"Ndiyo, baba. Kila wiki tunampeleka kliniki."

"Nitakula," alisema Kubat. "Lete jeki kwanza."