Godoro la Kondo

"Mwewe, unanisikia? Dawa imetoka kabatini."

Mwewe lilikuwa jina la siri la jasusi Nassibu Mwinjuma. Alizima redio, akageuza Land Rover palepale Chang'ombe na kukanyaga mafuta hadi mwisho.

Maneno yale yalikuwa na maana moja tu. Madaftari ya Daktari Whitcombe yameibwa.

Ilikuwa miaka minne ya utafiti juu ya watu waliovunjika uti wa mgongo, yote imeandikwa katika wodi yake ndogo ya Temeke: nani aligeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, nani alianza kuhisi sindano ikimchoma mguuni. Kampuni moja ya dawa ya Ulaya iliyataka kwa udi na uvumba. Ingefuta habari za kugeuza, iandike jina la sindano yake, halafu wagonjwa wa dunia nzima wachomwe maji ya bei mbaya huku migongo inaoza. Wajanja hao!

Ilikuwa Ijumaa, mwaka 1953, saa tisa alasiri. Meli ya kwenda Ulaya ilikuwa ing'oe nanga saa kumi, na mwizi lazima angetaka kuiwahi.

Nassibu alikuwa na sababu yake ya kuendesha kama mwehu. Mdogo wake, Kondo, alikuwa amelazwa katika wodi hiyohiyo. Miaka miwili iliyopita alianguka kutoka juu ya mnazi akigema tembo, na tangu hapo hakusimama tena. Jasusi aliyeogopwa na wauza bunduki wa pwani nzima alikuwa akipata nafasi tu, anakaa kando ya kitanda, anatazama saa, anamgeuza mdogo wake ubavu. Wakubwa wake hawakujua. Lakini wiki tatu zilizopita walimtuma Kigoma, na alikuwa amerudi asubuhi ya leo.

"Ile pale, afande!" alisema Konstebo Benedikto, aliyekaa kando yake.

Gari la wagonjwa la wodi ile, Bedford nyeupe, lilikuwa linateremka kuelekea bandarini.

Nassibu alilipita, akalikatia mbele. Breki zikalia. Bastola ya Webley ilikuwa mkononi kabla vumbi halijatua.

Lorenz, msaidizi wa daktari, alishuka huku anatabasamu.

"Nampeleka mgonjwa melini. Anakwenda kutibiwa Ulaya. Karatasi hizi hapa."

Karatasi zilikuwa safi. Benedikto alipekua chini ya viti, kwenye injini, ndani ya sanduku la dawa. Hakupata kitu.

"Fungua nyuma," alisema Nassibu.

"Sawa, lakini mgonjwa asiguswe. Amepasuliwa mgongo juzi. Ukimtikisa, umemuua."

Mlango ulipofunguliwa, harufu ilimpiga Nassibu usoni.

Aliijua. Ni nyama inayooza chini ya mtu asiyehisi. Lorenz alijua kila mshipa wa uti wa mgongo kwa jina lake la Kilatini, lakini hakuwahi kumgeuza mgonjwa hata siku moja. Kwake hiyo ilikuwa kazi ya wauguzi.

Mgonjwa huyu alikuwa amelalia mgongo siku nyingi. Aliyekataza asiguswe alikuwa ameficha kitu chini yake.

Kisha Nassibu akaiona sura.

"Shikamoo, kaka," alisema Kondo.

Pembeni yake Sista Sesilia, muuguzi kutoka Bukoba, alikuwa analia. "Siku nne, Bwana Nassibu. Lorenz aliniambia ni amri ya daktari, tusimguse. Nikatii. Ee Mungu wangu, nikatii!"

"Usimgombeze," alisema Kondo. Homa ilimtoa jasho, lakini alitabasamu. "Mie mwenyewe nilikubali. Kasema nisigeuzwe, dawa ishuke vizuri. Kidole kimeshaanza kucheza, kaka! Ulaya natembea. Usinigeuze. Nakuomba, kwa radhi za mama."

Nassibu aliwahi kuwekewa kisu shingoni mara mbili. Hakikumuuma kama sauti ile.

"Sista, shika mabega. Benedikto, miguu. Mie kiuno. Mwili mzima kwa pamoja. Moja, mbili, tatu."

Wakamgeuza.

Hapakuwa na mshono wowote. Palikuwa na kidonda cha ukubwa wa ngumi, na ndani yake mfupa. Godoro la sufi lilikuwa limeshonwa kwa uzi mpya. Benedikto alilipasua kwa kisu. Yakatoka madaftari manne na filamu za Minox, kamera ndogo ya kijasusi, zilizofungwa kwenye mpira.

"Nyuma yako!" Sesilia alipiga kelele.

Lorenz alikuwa ameshatoa bastola ya Beretta.

Nassibu alifyatua kwa mkono mmoja. Risasi moja. Beretta ikaruka, Lorenz akapiga magoti akishika kiganja chenye damu. Mkono wa kushoto wa Nassibu haukukiachia kiuno cha Kondo.

Benedikto alimfunga pingu.

"Kwa hiyo sindano zake zilikuwa uongo," alisema Kondo. "Na kidole changu? Nacho uongo?"

Nassibu alifungua daftari, akatafuta jina.

"Daktari kaandika hapa. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimecheza."

"Kweli?"

"Kweli, mdogo wangu."

Akafunga daftari. Mstari uliofuata hakuusoma kwa sauti. Ulisema: *Aendelee kugeuzwa bila kukosa. Atakaa, na huenda akasimama.*

Siku nane Nassibu alimgeuza kila baada ya saa mbili, yeye na Sesilia, bila kulala. Siku ya tisa Kondo alikufa kwa homa ya kidonda kile.

Nassibu aliingia kaburini mwenyewe. Alimpokea mdogo wake, akamweka katika mwanandani, akamgeuza kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Alimshika pale kiunoni alipozoea. Alilia kwa sauti, na waliokuwa juu walimwacha alie.

Alipotoka, Benedikto alikuwa anamsubiri barabarani.

"Pole, afande. Kituo wanasema kazi ilikuwa safi. Madaftari yako salama kwa Daktari Whitcombe. Wanakuhitaji Tanga."

"Lini?"

"Leo."

Nassibu alinawa udongo mikononi, akavaa koti, akaweka kofia sawasawa.

"Waambie nakuja," alisema, akatembea kuelekea garini bila kugeuka.